Biriani bila nyama, bila samli, bila mtindi: wapishi wa Amu na Malindi nipeni maarifa

Bi_Langoni (Amu)

Assalam aleykum wadau, na wengine hamjambo. Niko Amu (Lamu) na nina swali la jikoni, ila lazima nitangulize maelezo kidogo manake nawajua, bila hivyo mtaanza kuniuliza kwani nyama imepanda bei. Wifi yangu asoma Nairobi, kaja likizo ametangaza hali nyama, hali samaki, hali mayai, hanywi maziwa, na asali pia ameiacha. Mavyaa akashika kiuno, sasa huyu atakula mchanga? Na mpishi wa nyumba ni mimi kwa hivyo mzigo ukanishukia mimi. Wallahi mwanzo niliona ni usumbufu mtupu lakini nilipoingia ndani nikaanza kuona raha yake, yaani ni kitendawili kabisa, jiko ni lile lile, nazi ni ile ile, bizari ni ile ile, umenyang'anywa vile vitu ambavyo mkono huviendea wenyewe bila kufikiri, haya pika tuone. Wifi amesharudi zake chuo na mimi bado siku nyingine najipigia marufuku mwenyewe, leo hakiingii kitu cha mnyama kwenye sufuria hii, nione nitatokea wapi.

Vile vyepesi sihitaji msaada. Mbaazi za nazi na mahamri, maharagwe, kunde, mseto wa pojo, muhogo wa nazi, ndizi mbichi za tui, boga, mchicha, bajia, viazi vya karai, vyote hivyo tumekua navyo na hakuna mnyama ndani (mahamri yangu ni tui na iliki, yai sitii, anaetia yai shauri yake). Hapo hata si mtihani.

Mtihani ni biriani. Masala yetu ya biriani yasimama juu ya nyama, mtindi na samli, ukiondoa vyote vitatu wabaki na mchuzi wa tungule (nyanya) na wali wa rangi. Nataka ule uzito, ule mchuzi unaong'ang'ania wali, na ule uchachu wa nyuma ya ulimi. Na badala ya nyama nitie nini ambacho hakitayeyuka kwenye dumu, pale sufuria ikifunikwa kabisa biriani iive kwa mvuke?

Halafu mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui. Mimi hutia ute wa yai uliopigwa, nikiuacha mkate wakaa mzito na vile vitundu havipo.

Na mwisho ni mume. Huyu akiona sinia halina nyama hutazama mlangoni, adhani kuna kitu bado chaja. Sitaki kumpoza na vile vinyama vya soya vya paketi, nahisi ni kuiba mchezo. Nataka chakula kisimame chenyewe kwa miguu yake. Mwafanyaje?

Pwani_Hodari

Amu? Bila samaki? Hahaha. Bi Langoni nyinyi mmezungukwa na maji pande zote, ukitupa ndoana kutoka dirishani wapata chakula cha jioni, leo mwatafuta kitu badala ya nyama. Mimi sina resipi niko hapa kusoma komenti tu. Ila swali, mbuzi ya kukunia nazi yaruhusiwa ama hiyo pia ni mnyama?

Bi_Langoni (Amu)

Huyo ndie mbuzi peke yake aliebaki jikoni na anafanya kazi ya wenziwe wote.

Mama_Kasimile (Mambrui)

Waalaykum salaam mwanangu. Nitakujibu la biriani manake hilo nalijua, hayo mengine wataingia wengine.

Usianze na nyama, anza na kitunguu. Watu wadhani ladha ya biriani ni nyama, nyama ni mgeni tu, mwenye nyumba ni kitunguu. Kama wapika kilo ya mchele basi vitunguu viwe karibu kilo, usione vingi, vikikaangika vyanywea. Kata vyembamba vya sawasawa, tia kwenye mafuta mengi moto wa wastani, usiondoke hapo usiende kushika simu, vikianza kuwa rangi ya mdalasini vitoe upesi manake hata vikiwa nje ya mafuta huendelea kuiva, ukingoja viwe vyeusi umepata uchungu na dawa yake hakuna. Tandaza vipoe vikauke. Sasa yale mafuta uliokaangia ndio samli yako, usiyamwage hata tone, yanukia kuliko samli ya dukani, nusu watia kwenye masala na nusu wamwagia wali juu wakati wa kudumu. Vitunguu nusu vivunje kwa mkono viingie kwenye masala, huo ndio uzito unaouliza, vile huyeyuka vikashika mchuzi.

Uchachu nao. Kuna nazi zako, chuja lile tui la kwanza, kasimile tupu bila kuliongeza maji, kamulia ndimu, chumvi kidogo, weka kando. Litashikana shikana. Hilo litie mwisho, masala yakishakauka na tungule zimeshaiva kabisa na mafuta yameelea, moto uwe mdogo, koroga upande mmoja. Ukitia mapema juu ya moto mkali litakatika ubaki na vijipande. Na kama ni msimu wa embe chukua ngowe bichi uipare utie pamoja na tungule, hapo hata ndimu waipunguza. Ukwaju mimi kwenye biriani sitii, walete weusi na wafunika harufu ya iliki. Kuna watu hutia, ni juu yao.

Cha kuweka badala ya nyama ni fenesi bichi, lile ambalo halijaanza hata kunukia. Paka mafuta mikono, paka kisu, paka na kibao, ulimbo wake ukikushika utalala nao. Toa ganda na ule moyo wa kati, kata vipande vikubwa vikubwa, chemsha na chumvi na manjano mpaka kisu kiingie lakini kipande kisilegee. Chuja kabisa, hapa ndipo watu huharibu, fenesi lenye maji halishiki kitu. Lipake thomu, tangawizi, pilipili, bizari, ndimu, likae, halafu likaange lipate rangi pande zote ndio liingie kwenye masala. Lina nyuzi zake, watafuna. Mbegu usitupe, chemsha umenye zile ngozi, zatumbukia humo humo zakaa mahali pa viazi.

Na la mwisho, hili ni la siri lakini nakupa. Masala yakiwa tayari, kabla hujapanga wali, chukua ganda la kitunguu liweke katikati ya sufuria, weka juu yake kaa la moto jekundu, tonesha mafuta yale yale, litatoa moshi, funika hapo hapo. Dakika tano zatosha, toa kaa. Mumeo mlangoni hatatazama.

Bi_Langoni (Amu)

Mama Mungu akuweke. Hili la mafuta ya vitunguu nilikuwa nalo mbele ya macho siku zote na sikuliona, mimi nilikuwa nayarudisha kwenye chupa ya kukaangia sambusa. Nauliza kidogo, fenesi bichi kama silipati? Huku kwetu lategemea nani ameleta nini kwa boti.

Mama_Kasimile (Mambrui)

Tia biringani. Vile vidogo vya duara, vipasue msalaba usivitenge, kikonyo ukiache ndicho kinachovishika, vipake masala mpaka ndani, vikaange kwanza. Na viazi vizima. Biringani usivikoroge tena vikishaingia, vilaze tu juu ya masala upange wali. Lakini fenesi ni fenesi.

JikoLaMaweni (Malindi)

Habari zenu wote. Mimi nimepika gesti hapa Malindi muda mrefu, na mji wetu mwaujua, Waitaliano kila kona, kwa hivyo wageni wasiokula vitu vya mnyama nimewaona kabla hawajakuwa fasheni. Nikupe maneno mawili matatu Bi Langoni.

Kwanza ute wa yai. Kuna hii kitu ya maji ya dengu. Zile dengu nene, chana za kwenye chana bateta, ukizichemsha yale maji yakiwa mazito hupigika yakawa povu jeupe linalosimama kabisa. Si uchawi, ni protini na wanga zilizotoka kwenye dengu kuingia kwenye maji, zashika hewa karibu vile ute unavyoshika. Aligundua Mfaransa mmoja mwaka 2014, Joël Roessel, wala si mpishi wa kazi ni mwanamuziki, akawa ajaribu jaribu jikoni kwake. Mwaka uliofuata Mmarekani Goose Wohlt akaonyesha kwamba maji hayo na sukari peke yake yatosha kutoa meringi. Ebu fikiria dunia nzima imekuwa yamwaga maji hayo miaka yote.

Unavyofanya: loweka chana usiku kucha, mwaga maji ya kulowekea, chemsha na maji mapya bila chumvi mpaka ziive, ziache zipoe humo humo ndani ya maji yake, halafu chuja. Yakiwa mepesi yarudishe motoni yapungue mpaka yawe ya kuteleza kidoleni. Friji. Yapige yakiwa baridi, bakuli lisiwe na mafuta hata kidogo, tone la ndimu lasaidia povu kusimama. Vijiko viwili vikubwa vya maji hayo ni kama ute mmoja, vitatu ni kama yai zima. Kwa mkate wa kumimina lichanganye polepole mwisho kabisa unga ukishaumuka na uingize kwenye moto hapo hapo. Na zile chana wapikia bateta, hakuna kinachopotea.

Pili nimejifunza kwa mpishi mmoja wa Kihabeshi. Wale Waorthodoksi wa Ethiopia hufunga vitu vya mnyama kila Jumatano na Ijumaa, na Kwaresma nzima, kwa hivyo mapishi haya kwao ni ya tangu enzi. Kitunguu chao hukatwa kidogo kidogo kama mchanga kikaingia kwenye sufuria kavu, hakuna mafuta, moto mdogo, wakoroga na kutia maji kijiko kijiko kikikaribia kushika, mpaka kiwe kahawia na kitamu, ndio mafuta yaja baadae na pilipili yao. Halafu mnaingia dengu au unga wa dengu wenyewe, ndio ile shiro. Ukila utadhani kuna mchuzi wa mifupa ndani. Mimi sasa maharagwe yangu yote naanza hivyo.

Tatu, bajia. Wageni kutoka Sicily wakila bajia zetu za dengu hufurahi sana manake kwao kuna panelle, ni unga wa dengu vile vile, wausonga kama sima, waumwaga ukagande, wakate wakaange. Nimewahi kuzipika kwa bizari yetu na danya, zikaenda zote. Kwa huyo mume jaribu, zina ganda la kuvunjika nje na laini ndani.

Na tahadhari moja, kama ni mchezo wa kweli soma paketi. Vile vidonge vya mchuzi vingine vina mafuta ya ng'ombe au kuku, siagi za mkebe nyingine zina maziwa, biskuti usiseme, pipi za kuvutika nyingi zina jelatini. Tambi kavu za dukani kwa kawaida ni ngano na maji, lakini zile fresh za Waitaliano mara nyingi zina yai. Mgeni aliwahi kunirudishia sahani kwa sababu ya kidonge cha mchuzi na alikuwa na haki yake.

Mwana_wa_Siyu

Maji ya dengu kwenye mkate wa kumimina!! Yarabi. Heshima yako JikoLaMaweni, wewe ni fundi, lakini kwetu mkate wa kumimina ulikuwa hautiwi yai tangu mwanzo, hayo ya ute ni mambo ya kutaka upande kama keki. Bi Langoni mkate wakaa mzito si kwa sababu ya yai, ni unga. Uko wapi uzito wa tui lako? Mchele uloweke usiku kucha, saga na tui zito la vuguvugu, kiganja cha wali uliopikwa ndani ya blenda, hamira kidogo, iliki. Saga mpaka ukipitisha kati ya vidole usisikie chenga. Sukari usitie mapema maana yalegeza unga, tia mwishoni. Ukishaumuka na juu umejaa mapovu usiukoroge tena kwa nguvu, hapo ndipo mnapoua vitundu halafu mwasingizia yai. Mimina kwenye sufuria uliyoipaka mafuta ikiwa ya moto, moto wa chini mdogo, palia makaa juu ya kifuniko, ya juu yawe mengi kuliko ya chini. Ndio hivyo tu, na ukianza kunukia jirani atabisha hodi.

JikoLaMaweni (Malindi)

Hahaha sawa kaka nimekubali makaa, na la wali uliopikwa nalichukua. Lakini mimi napikia oveni ya gesi na wageni wataka mkate urefuke, kwa hivyo povu langu siliachi. Bi Langoni fanya wote wawili kisha urudi na majibu.

MsichanaWaMarafa

Hamjambo. Nimesoma yote nikawa nacheka peke yangu. Mwaita hii chalenji, kwetu Marafa hiyo ilikuwa Jumatatu mpaka Jumapili. Nyama ni Krismasi na kwenye matanga, maziwa ni ya mwenye ng'ombe, yai ni la kuuza. Sisi tulikula sima na mtsunga (mboga yetu ya majani), sima na kisamvu, sima na matembele, kunde zikiwa changa twala majani zikikomaa twala zenyewe. Hakuna alietupigia makofi wala kutuandikia resipi. Leo mtu akila hivyo hivyo hotelini Watamu analipa pesa ambazo mamangu angelisha nyumba nzima.

Sijakasirika dada usinielewe vibaya, nasema tu kwamba ukitaka kujua kupika bila mnyama usitafute mbali, uliza wale ambao hawakuwa na mnyama. Kisamvu kwa mfano. Watu wa mjini hukinunua kimesagwa wakakichemsha haraka haraka, si sawa, majani ya muhogo mabichi yana sumu ndani yake, lazima yatwangwe yakawa laini na yachemshwe sana sufuria ikiwa wazi, na maji yale ya kwanza wayamwaga. Mimi nikitwanga hutia na thomu kwenye kinu hapo hapo. Kikishaiva kabisa ndio chapata tui la pili kwanza, chachemka nalo, halafu karanga za kukaanga zilizotwangwa, na kasimile mwisho kabisa. Ukitia kasimile mwanzo umelipoteza. Kisamvu kilicholala mpaka kesho yake kikapashwa moto ni kitamu zaidi na hakina cha kukionea wivu.

Na mtsunga ni mchungu, najua watu wa Amu hawauzoei. Chemsha umwage maji, halafu changanya na mboga ya kunde au mchicha nusu kwa nusu, tui, ndimu. Usiutoe uchungu wote, ukiutoa wote utakuwa umepika majani tu.

Bi_Langoni (Amu)

Dada wa Marafa umenena na nimekuelewa vizuri sana, wala sikuudhika. Kwa aliekuwa na vyote akajinyima kwa siku moja ni mchezo, kwa aliekosa si mchezo, hilo ni kweli. Lakini pia niambie, huyo aliegundua karanga na kasimile kwenye kisamvu, huoni kama na yeye alikuwa na raha yake siku hiyo? Mtu haongezi karanga kwa sababu ya njaa, njaa ingelishiba kwa kisamvu kitupu.

MsichanaWaMarafa

Hapo umenishika dada. Nyanya yangu alikuwa akionja na upawa nyuma ya mkono halafu anyamaza, twamtazama, akitikisa kichwa aongeza kitu. Huyo hakuwa apika kwa shida, alikuwa apika kwa kiburi.

Nesi_Mstaafu (Malindi)

Wanangu mimi si mpishi nimefanya kazi wodini miaka mingi, nitasema neno la afya halafu niwaachie sufuria zenu. Anaepika hivi siku moja moja kama Bi Langoni hana wasiwasi wowote. Lakini yule wifi alieacha kabisa, mwambieni kuhusu vitamini B12. Hiyo haipo kwenye mbaazi wala mchicha wala kwenye kitu chochote cha mmea cha kutegemea, ile mwani na zile poda za kijani zinazouzwa onlaini pia si za kutegemea. Mwili huwa na akiba ambayo yaweza kuchukua miaka kuisha, ndio maana mtu hujiona mzima akasema mbona niko sawa, halafu akaanza kuchoka, damu yapungua, ganzi kwenye miguu, na ile ya mishipa ya fahamu ikichelewa kutibiwa yaweza isirudi yote. Vidonge vipo, anywe, au ale vyakula vilivyoongezwa B12 na imeandikwa kwenye paketi. Akiwa mjamzito au anyonyesha ndio asicheze kabisa.

Protini msiogope. Mbaazi kavu gramu 100 zina gramu 20 na kitu za protini, na ukila na wali au mahamri vyajazana, huyu ana kinachokosekana kwa mwenzake. Madini ya chuma yako kwenye kunde na mboga za majani lakini mwili wayachukua kwa shida, kwa hivyo ile ndimu mnayokamua juu ya mboga si ya ladha tu, yasaidia kweli. Na chai ya rangi msishushie chakula, ingojeni saa nzima hivi, yazuia chuma. Najua hapa nimegusa watu pabaya.

Pwani_Hodari

Nesi chai tuachie tafadhali, mengine yote tumekubali.

Ami_wa_Mkomani (Amu)

Salaam. Mimi ni mwanamume na mimi ni kama huyo mume, kwa hivyo niwaeleze kwa nini twatazama mlangoni, manake nyote mmejibu kuhusu ladha na ladha si tatizo. Tatizo ni meno. Wali laini, mbaazi laini, mchicha laini, boga laini, umekula sahani nzima meno hayajafanya kazi. Nyama na samaki wa kukaanga vina ule ukinzani wake, wavuta, wavunja, watema mfupa. Mpe kitu cha kuvunja hatauliza nyama. Bajia za moto, muhogo wa kukaanga, kachiri, papadi, hata zile nazi za kukaanga kavu zikanyunyizwa juu ya wali.

Na sinia lizungushie vya pembeni. Mwaweka chakula kimoja katikati kimekaa peke yake mwataka kiwe mfalme. Achari ya ndimu, achari ya embe, kachumbari yenye pilipili ya kutosha, chatini ya ukwaju na tende. Kila tonge laja na kitu kingine. Hapo mtu ashughulika.

Halafu kuna kitu mimi nilifanyiwa na marehemu khalati yangu siku ambazo kaskazi imechafuka na mashua hazikutoka, na hadi leo naomba nifanyiwe. Biringani wa kupaka. Badala ya samaki. Chukua zile biringani ndefu, pasua katikati kwa urefu, chora chora kwa kisu, paka chumvi, thomu na pilipili, weka juu ya wavu wa makaa upande wa nyama yake chini mpaka ishike rangi na ngozi ianze kusinyaa. Upande wa pili una tui zito kwenye kisufuria na thomu, tangawizi, manjano, pilipili mbuzi nzima usiipasue, wachota na upawa warudisha, wachota warudisha, usiliache likachemka peke yake, mpaka liwe zito la kupaka. Ukwaju kidogo. Halafu geuza biringani, paka, ngoja likauke, paka tena, paka tena. Lile tui likidondokea makaa ule moshi wapanda juu wawarudia biringani. Kingo zaungua kidogo, ndizo tamu. Lililobaki kwenye kisufuria wamwaga juu mezani, wala na mkate wa mofa au wali wa nazi. Tulikuwa twagombania zile za pembeni zilizoungua.

Bi_Langoni (Amu)

Ami wewe ulikuwa wapi siku zote! La meno hilo sijawahi kulisikia na nikifikiri ni kweli tupu, mimi mwenyewe nikila mseto hutafuta kitu cha kuvunja bila kujua natafuta nini.

Naleta ripoti. Ijumaa nimepika biriani ya fenesi, nikalipata zima kwa mtu aliekuja kutoka Mokowe, nikafanya vile vile alivyosema Mama Kasimile mpaka lile kaa. Mama, nyumba ilinukia mpaka nje. Vile vitunguu kuwa karibu sawa na mchele niliona ni israfu lakini masala yalishika wali vile nilivyotaka. Mbegu za fenesi zimegombaniwa kuliko fenesi lenyewe. Nilichopunguza ni ndimu, kasimile langu lilikuwa chachu sana. Mavyaa kala akaongeza, akasema yafaa hata kwa wageni. Mume kala kimya kimya, kamaliza, kanawa, halafu kaniuliza, kesho kuna samaki? Nimeichukua kama suluhu.

Mkate nimefanya wa makaa bila yai, Mwana wa Siyu una haki, vitundu vimejaa. Povu la dengu bado, nitalifanyia keki nione.

Sasa jioni nataka hizo biringani za Ami. Kabla sijawasha jiko, huo ukwaju waingia kwenye tui mapema ama baadae?

Ami_wa_Mkomani (Amu)

Baadae. Tui likishachemka likawa zito na umelitoa kwenye moto mkali. Uroweke kwa maji kidogo sana, uchuje, utie kidogo kidogo huku wakoroga. Na biringani chukua zilizo ngumu, zile zenye kulegea zitavuja.

Mama_Kasimile (Mambrui)

Na lile chicha la nazi linalobaki ukishakamua tui usilitupe mwanangu, likaange kavu na chumvi na pilipili mpaka liwe jekundu, ndio hicho cha kuvunja anachotaka Ami.